Mji Uliokiri Umeishiwa

Mtu akihamia mahali huuliza soko liko wapi, kanisa liko wapi, basi la kazini linapita saa ngapi. Baba yangu aliuliza kwanza nani anazoa taka, na anazizoa siku gani. Tulipofika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, mimi nikiwa msichana mkubwa tayari na yeye mjane aliyezeeka kabla ya wakati wake, siku za mwanzo alizimaliza akitembea mtaani na mikono nyuma, akiangalia mitaro, taa za barabarani, mabasi ya njano ya shule. Akirudi alitupa taarifa kama mkaguzi. "Leta ya hapa iko hai," alisema. Leta ndilo neno letu sisi watu wa Kivu kwa serikali, tuliliokota kwenye Kifaransa, na baba alilitamka kama mtu anayemtaja mgonjwa wa siku nyingi.

Alikuwa na sababu zake. Kule kwetu, upande wa Fizi, alikuwa mwalimu wa serikali, na mishahara aliyowahi kulipwa na serikali hiyo angeweza kuikumbuka mmoja mmoja, kama watu wanavyokumbuka harusi. Wazazi wa wanafunzi ndio waliomlisha. Redio ilisema kila asubuhi kwamba mambo ni shwari, mishahara iko njiani. Kisha siku moja baba akapita sokoni akakuta askari wa kambi ya jirani wanauza viatu vyao. Buti nyeusi zilipangwa juu ya gunia, kando ya mihogo. Alirudi nyumbani akamwambia mama tufunge vitu. Majirani walitucheka tukiwa tunapita na magodoro kichwani. Risasi zilipoanza sisi tulikuwa tumeshavuka ziwa, na wengi wa wale waliotucheka hatukuwaona tena.

Kwa hiyo baba hakuwa mtu wa kuambiwa atulie. Louisville tulikaa miaka aliyoiita ya majaribio. Niliolewa hapo, nikamzaa binti yangu hapo, na bado kila tulipomtembelea baba alikuwa na mji mwingine mdomoni, mahali ambapo mtu wa kanisani ana binamu, ambapo maghala yanaajiri na barabara ni nzuri. Mwishoni akatushinda. Mume wangu alipata kazi ya kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo katika ghala moja huko Columbus, tukahama wote wanne, baba akiwa ndiye wa kwanza kwenye gari.

Kusema kweli hatukukaa Columbus yenyewe. Tulikaa mji mdogo uliogusana nayo, wenye meya wake, polisi wake, na bwawa lake la kuogelea. Jina lake naliacha. Kodi ya nyumba ilikuwa nafuu, na katika yale magorofa ya matofali mekundu Wakongo walikuwa wengi kiasi kwamba siku za Jumapili ngazi zote zilinuka sombe, kisamvu chetu. Mimi nilikuwa mkalimani wa simu. Nilikaa jikoni na vifaa vya sauti masikioni, nikiwasemea madaktari na walimu na watu wa bima, Kiingereza kikiingia sikio hili na Kiswahili kikitoka mdomoni, siku nzima. Ni kazi ya kukaa kimya ukiwa unasema. Maneno si yako, lawama si yako. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Mwaka wa pili mweka hazina wa mji akanipigia simu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye nywele fupi za mvi, aliyekuwa akivaa koti la mvua hata jua likiwaka. Aliniomba nifike ofisini kwake kabla ya mkutano wa wananchi.

"Mji una matatizo ya fedha," aliniambia nilipokaa. "Sheria inanitaka nitangaze. Lakini sitaki kutangaza tu. Nataka kila mtu atoke ukumbini akiwa ameelewa. Nusu ya watu wa magorofani hawaelewi ninachosema, na wao pia wanalipa."

Tulikaa mchana mzima tukitafuta maneno. Nilimwambia kuna neno nakisi, nililisikia kambini kwenye redio, wabunge wa Dodoma wakisomewa bajeti, lakini mama wa Uvira ukimwambia nakisi atadhani ni jina la mtu. Tukakubaliana kusema pengo. Akaniuliza tunaitaje afya ya fedha za mji. Nikamwambia tuseme hivyo hivyo, afya ya mji kifedha. Alifurahi. Aliandika neno "afya" kwenye kiganja chake kwa kalamu, akalirudia akiwa ananisindikiza mlangoni.

Mkutano ulifanyika katika kituo cha zimamoto. Waliyatoa magari mekundu nje ili kupata nafasi ya viti, na sakafu bado ilikuwa na alama za matairi. Wenyeji walikaa kushoto, watu wetu kulia, na baba yangu kiti cha mbele kabisa ndani ya suti yake ya kahawia. Mweka hazina alisema sentensi yake, mimi nikaisema kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti cha pili, tukaenda hivyo kwa zamu.

"Mji wetu hauna afya nzuri kifedha," alisema, nami nikasema. "Kwa miaka kadhaa tumetumia zaidi ya tulichoingiza. Akiba imekwisha. Mkaguzi wa jimbo ametuweka chini ya uangalizi wake. Sitawaficha chochote, kwa sababu mji huu ni wenu."

Upande wa kushoto wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja aliuliza habari za bwawa, mwanamke mmoja habari za kuondoa theluji, mwingine akasema kwa hasira kwamba meya aliyepita ndiye aliyekula kila kitu. Kelele za kawaida za watu waliokasirishwa na serikali yao. Upande wa kulia hapakuwa na sauti. Nilikijua kimya kile. Hakikuwa cha watu wasioelewa.

Kisha mama mmoja wa kanisani kwetu, mwuza vitenge, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuimba, akanyanyua mkono.

"Mumuulize huyu mama," alisema, "kama leta imekufa, siye tutaenda wapi?"

Nikatafsiri. Mweka hazina alitabasamu. Alidhani ni utani wa kupoza joto la ukumbi.

"Hakuna aliyekufa," alijibu. "Kesho tutaamka kama kawaida. Mji utaendelea kuwepo."

Nililisema hilo kwa Kiswahili. Ilikuwa sauti ya redio ile ya asubuhi, sasa ikitoka kwangu. Hakuna aliyecheka upande wa kulia. Baba alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatoka mkutano ukiwa katikati.

Nilimkuta nyumbani anakunja mablanketi.

"Baba, unafanya nini?"

"Bon. Si wewe mwenyewe umesema?"

"Mimi nilitafsiri tu."

"Umesema leta haina makuta, haina pesa. Mbele ya watu, na mikro mkononi." Aliweka blanketi juu ya jingine akalisawazisha kwa viganja viwili, kama alivyokuwa akisawazisha madaftari ya wanafunzi. "Kule kwetu miaka ile yote sikusikia leta ikisema hivyo hata siku moja. Ilikuwa imeoza, na ilisema iko vizuri. Donc, basi hii ambayo inakubali yenyewe, iko namna gani ndani?"

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi, ya sheria, ya uchaguzi, ya jimbo linalosimamia. Yote yalikuwa ya Kiingereza.

Siku zilizofuata zilikuwa za wasiwasi mtupu. Neno nililolichagua kwa makini, afya, lilitembea magorofani likabadilika njiani. Mama mmoja alinisimamisha kwenye ngazi kuniuliza kama maji yachemshwe. Mwingine aliuliza kama watoto wapelekwe chanjo, kwa sababu amesikia mji mzima una ugonjwa. Nilieleza, nikaeleza tena. Wale waliokuwa wameelewa ndio walionipa taabu zaidi, maana wao hawakuuliza chochote. Walipakia. Gari moja liliondoka na magodoro yamefungwa juu kwa kamba, kesho yake jingine. Kanisani kwaya ilipoteza sauti za kwanza karibu zote.

Nikiwa jikoni kwangu na vifaa masikioni, nikimwambia mgonjwa wa Arizona anywe dawa baada ya chakula, macho yangu yalikuwa dirishani kutazama nani leo anafungua buti la gari. Nilijua mji haufi. Niliyasikia maelezo yote, mimi ndiye niliyeyabeba kutoka lugha hii kwenda ile. Lakini nilianza kujaza tangi la petroli kila siku, hata likiwa limepungua kidogo tu. Mhudumu wa kituo akanizoea. Nilinunua mchele mfuko mkubwa, kisha mwingine. Sikumwambia mume wangu, na yeye akaniambia baadaye kwamba siku zile zile alikuwa ameshauliza kazini kama anaweza kuhamishiwa ghala jingine, popote.

Binti yangu ndiye pekee aliyekuwa na raha. Alikuwa darasa la tano. Nilimwambia kwa Kiswahili asichelewe kurudi, akanijibu kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba mwalimu amewaeleza kila kitu, watafunga bwawa tu, sasa kwa nini babu amekunja pazia?

Mweka hazina alinipigia tena. Msimamizi wa magorofa alikuwa amemlalamikia kwamba wapangaji wanakimbia.

"Nilisema nini?" aliniuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa. "Nilifanya kila kitu wazi. Watu wenu wananiona kama nimewatisha."

"Umewatisha," nilimwambia. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, nikasema maneno yangu mwenyewe. Nilimweleza habari za buti sokoni, na za redio. Nilimwambia kwamba alipowahakikishia kesho itakuwa kama kawaida, hapo ndipo walipoamua kuondoka.

"Nije niseme nini, basi?"

"Usiseme. Njoo uulizwe."

Alikuja Jumamosi mchana, kwenye chumba cha chini ya kanisa la Walutheri tulichokuwa tukikodi kwa ibada. Alikuja peke yake na koti lake la mvua. Waliobaki walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja, wengine na makoti mwilini kama watu wanaosubiri basi. Baba alisimama bila kuombwa. Alizungumza Kiswahili chake cha ualimu, kilichonyooka, akinitazama mimi ingawa alikuwa anamwambia yeye.

"Askari wenu wamelipwa mwezi huu?"

Mweka hazina alishangaa kidogo. "Polisi? Ndiyo. Wanalipwa kila wiki mbili."

"Na wiki mbili zijazo?"

"Watalipwa."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu mimi ndiye ninayeidhinisha. Na jimbo linatulazimisha tutenge mishahara kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana bwawa linafungwa."

"Na mwezi wa kumi na mbili?"

Nilitafsiri, nikasubiri. Alitazama mikono yake. Nilimwona anatafuta jibu zuri, kisha nikamwona analiacha.

"Desemba sijui bado," alisema. "Itategemea kura ya kodi mpya. Nikijua nitasimama hadharani niseme, hata kama ni vibaya. Sina kingine cha kuwapa."

Nikasema kwa Kiswahili. Baba alinikazia macho.

"Amesema hajui, au wewe ndiye umeweka hapo?"

"Amesema hajui, baba."

"Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

Akakaa. Wengine wakauliza mengine, habari za gari la wagonjwa, habari za shule, na mwuza vitenge akataka kujua kama meya aliyepita yuko gerezani. Hayuko, tukaambiwa, maana hakuiba, alikuwa mtu wa kuahidi tu. Mama yule alionekana kuvunjika moyo. Baba hakuuliza tena. Kwenye gari tukirudi alilirudia jambo lile kimoyomoyo, midomo ikicheza: amesema hajui. Nikafikiri tumepona, tutakaa.

Kabla majani hayajamaliza kudondoka tulikuwa barabarani kwenda Buffalo.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameshanunua nyumba huko, mtaa wa Black Rock, karibu na mto, moja ya zile nyumba nyembamba za mbao ambazo watu wetu walizinunua zikiwa zinavuja wakaziezeka upya wenyewe. Alikuwa akimpigia baba kila siku. Mume wangu alipata nafasi kiwandani. Kazi yangu ilikuwa kwenye simu, ingeweza kuwa popote. Kwa hiyo hapakuwa na kilichotushika, na mimi mwenyewe, niseme wazi, nilitaka kuondoka. Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kucheza. Nilimuuliza baba njiani, tukiwa tumepita Cleveland, kama hakumwamini yule mama.

"Yule mama namwamini," alisema. "Mji wake ndio siuamini."

Tulibanana kwa shangazi majira ya baridi yote, kisha tukapata ya kupanga Kenmore, nje kidogo ya Buffalo, mtaa wa miti na viwanja vidogo vya nyasi. Hapo baba akagundua jambo lililomwondolea raha kabisa. Jimbo la New York limepangwa kwa tabaka. Kuna kijiji, kijiji kimo ndani ya mji, mji umo ndani ya kaunti, na wilaya ya shule inajitegemea. Kila kimoja kina bajeti yake, na kila kimoja hufanya mkutano wa wazi kabla ya kuipitisha.

"Leta nne!" alisema. "Juu ya nyumba moja! Nani anazilinda zote?"

Akaamua ni yeye. Alianza kuhudhuria. Na kwa kuwa Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu na bei, ilibidi niende naye. Mimi ambaye nilikuwa nasema siku nzima kwa ajili ya wengine nilitoka jikoni jioni nikaenda kusema tena, kwa ajili ya baba. Mikutano ile ilikuwa karibu mitupu. Madiwani mezani, karani, mzee mmoja mwenye mbwa, na sisi. Karani alimzoea, akawa anamwekea kahawa yenye sukari nyingi kabla hajaketi.

Swali lake la kwanza lilikuwa moja kila mahali: askari wamelipwa? Walimjibu kwa heshima, ingawa mwanzoni walitazamana. Polepole akajifunza maswali mengine. Aliuliza akiba inatosha miezi mingapi. Aliuliza nani anawakagua, na huyo mkaguzi anakaguliwa na nani. Aliuliza pensheni za wazima moto zimewekwa wapi. Wakati mwingine walimjibu vizuri, wakati mwingine walisema watamtafutia jibu, na mara nyingi walimtafutia kweli. Mimi nilikaa kando yake nikitafsiri huku kisigino kikipiga sakafu, nikifikiria vyombo ambavyo sijaosha na binti ambaye sijamwona tangu asubuhi. Nilimwambia mara moja, tukiwa tunatoka, kwamba nimechoka, kwamba watu wa hapa wenyewe hawaji.

"Ndiyo maana tunakuja," alisema. "Kule watu walikuwa tayari kuja, na hapakuwa na mlango."

Sikupenda kwamba alikuwa amesema kweli.

Habari za mji tuliouacha tulizipata kwa mwuza vitenge. Yeye alibaki. Alipiga simu siku moja ya Jumapili, nikaweka sauti ya nje ili baba asikie. Bwawa limefungwa, alisema, theluji inaondolewa kwa kuchelewa, taa za uwanja wa mpira zimezimwa. Lakini gari la polisi liko pale pale linapolala. Hakuna aliyekimbia tena. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba uchaguzi umefanyika na mweka hazina ameondolewa.

Baba alisogea karibu na simu. "Wamemfukuza?"

"Hapana, mzee. Kura. Kuna bwana mwingine alisema hali si mbaya hivyo, eti yule mama alikuwa anatia batu woga. Basi bamemchagua huyo."

"Nani amemchagua huyo? Leta?"

"Batu, mzee. Batu benyewe."

Sijawahi kumwona baba amekasirika vile. Alitembea sebuleni kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena. Serikali kumfukuza mtu wake, hilo alilijua, lilikuwa na mahali pake kichwani mwake. Lakini watu kumwondoa mtu kwa sababu amewaambia ukweli wao, hilo halikuwa na pa kukaa. "Sisi tulimkimbia," alisema mwishoni. "Waliobaki wamemtoa. Donc alikuwa anazungumza na nani?" Kisha akaniambia, "Mpigie."

Nilimpata kazini. Alikuwa ameajiriwa kwenye duka la mimea na mbolea, na nyuma yake nilisikia maji yanamwagika. Nilimwambia baba yangu anataka kusema naye.

"Mama," baba alisema, "mimi ni yule mzee wa askari."

Alicheka kabla sijamaliza kutafsiri. "Nakukumbuka. Ulinidai jibu la Desemba. Walilipwa."

"Nilikuwa nimeondoka."

"Najua. Nilitangaza hivyo hivyo. Upande wa kulia viti vilikuwa vitupu."

Maji yaliendelea kumwagika upande wa pili. Kisha baba akamwambia aje Buffalo, kwamba hapa kuna leta nne na moja lazima ina nafasi ya mtu kama yeye. Yeye alimshukuru, akasema ana mama mgonjwa, hawezi kuhama. Kabla hatujaagana nilimuuliza swali langu mimi, bila kumwambia baba ninauliza nini. Je, angesema tena vile alivyosema?

"Wiki nyingine nasema ndiyo," alijibu. "Wiki nyingine nasema hapana. Wiki hii tumepata miche ya nyanya, sijafikiria."

Baba aliniuliza amesema nini. Nikamwambia amesema kuhusu nyanya. Alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Mwezi wa tano mwaka huo bajeti ya shule ilikwenda kwa wananchi. Huku watu huipigia kura wenyewe, ndiyo au hapana, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Baba alikuwa ameshapata uraia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga kura ya aina yoyote ambayo aliamini itahesabiwa. Alivaa suti. Tulimchukua na binti yangu, aliyekuwa na mazoezi ya tarumbeta pale pale. Baba alikaa kwenye kibanda cha kura muda mrefu hadi msimamizi akanitazama, nikainua mabega.

Kwenye gari nilimwuliza amepigaje, ingawa nilikuwa na uhakika.

"Hapana," alisema.

"Umepiga hapana? Baba, ni shule ya mjukuu wako. Tarumbeta yake iko humo."

"Hawakunijibu swali la gharama ya mabasi. Nimeuliza mikutano miwili. Mara ya kwanza wakasema watatazama, mara ya pili wakasema ni vigumu kueleza. Kitu ambacho ni kigumu kueleza, mimi sikilipii."

"Mimi nimepiga ndiyo."

"Bon. Basi kura zetu zimefutana."

Binti yangu kutoka kiti cha nyuma akasema kwa Kiingereza kwamba kwa hiyo tungeweza kubaki nyumbani wote wawili. Baba akataka kujua amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akageuka kwenye kiti, mkanda ukamvuta shingoni, akaanza kumweleza mjukuu wake kwa Kiswahili kirefu kwa nini si bure, na mabasi yanayozungumzwa ni yapi, na mjukuu akamjibu kwa Kiingereza kwamba basi lake huchelewa kila siku, na baba akaniambia, unaona, unaona, nami nikasema hilo ndilo linalohitaji pesa zaidi, si kidogo, na tukaendelea hivyo wote watatu kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake, mpaka nikapita kona ya mtaa wetu bila kuiona na ikabidi nizunguke.